Mtoto wa mbwa aliyetetemeka mpaka halmashauri ya kijiji ikamkalia kikao

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu marahaba, nimeitikia kabisa kabla hamjanisalimia, maana najua siku hizi salamu ni dole gumba tu.

Jana kijana mmoja humu aliweka uzi akiuliza kwa nini mtoto wake wa mbwa, aliyemnunua juzi, anatetemeka. Nimesoma majibu yote. Nimevua miwani, nikaifuta, nikasoma tena nikidhani nimekosea.

Mmoja kasema ni jini. Mwingine kasema ni degedege, apakwe mafuta ya taa. Mwingine, na huyu namtafuta, kasema alishwe pilipili ili awe mkali.

Halafu kuna mtaalamu mmoja kaandika kwa herufi kubwa: HUYO ANA KICHAA, MUUE MAPEMA.

Huyo wa mwisho ndiye kanifanya niandike. Maana miaka ya sabini, kule Unyamwezini, mtaalamu wa herufi kubwa nilikuwa mimi.

Ninayosimulia yalinitokea mwenyewe. Nina mashahidi wawili: mmoja alikuwa na miguu minne na hayupo tena, wa pili ni bibi ambaye angekuwa hai angewasimulia mabaya zaidi. Wanaotaka kusema hii ni chai, wasubiri nimalize ndipo waagize na vitafunwa.

Mimi ni mtoto wa Tabora mjini. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na babu yake alikuja na misafara, akachoka kutembea, akabaki. Kwetu mjini mbwa hakuwa mnyama wa kufuga. Alikuwa mpita njia. Ukimwona unakunja kanzu, unampisha, kila mtu anakwenda zake.

Mama alikuwa na sheria moja kuhusu mbwa. Akilamba chombo, chombo kinaoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo.

Sheria hiyo niliishika barabara. Mengine ya dini sikuyashika sana, kwa sababu muda wa madrasa nilikuwa stesheni natazama treni.

Basi nikakua, nikapelekwa kozi ya miezi mitatu, nikarudi na cheti na kalamu mbili za kuchomeka mfukoni. Nikapangiwa ukatibu wa kijiji kipya cha ujamaa upande wa Ziba. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, najua kila kitu. Nyie mnaojua kila kitu mkiwa na simu, mimi nilijua bila hata umeme.

Kijiji kilikuwa kizuri sana. Kilikuwa na kibao cha jina, mlingoti wa bendera, na mistari iliyonyooka ya viwanja. Kilikosa kitu kimoja tu kidogo: watu.

Kazi yangu ya kwanza ikawa kwenda na lori kuwaleta.

Kuna waliohamia kwa hiari yao, na ngoma ikapigwa. Na kuna waliohama kwa sababu lori limeshafika na paa limeshashushwa. Bibi Nyamizi alikuwa wa kundi la pili.

Alikuwa mjane, Mkatoliki, rozari shingoni muda wote, anaishi peke yake mwendo wa maili nane kutoka kijijini. Tulimkuta keshapanga vyungu, kinu, majembe, mbuzi wawili na kuku. Hakubisha.

Kulikuwa na jambo moja tu. Mbwa wake jike alikuwa amezaa wiki mbili hivi nyuma, watoto watatu, chini ya kihenge cha mtama. Mngurumo wa lori ulimkurupua yule jike akakimbilia porini. Bibi akaomba tumsubiri arudi.

Nikafungua daftari. Nikapitisha kidole toka juu mpaka chini, taratibu, kama tulivyofundishwa.

"Bibi," nikamwambia, "mbwa hayumo kwenye orodha."

Aliniangalia kidogo. Kisha akainama chini ya kihenge, akatoka na mtoto mmoja, akamfunga kifuani ndani ya kanga yake, akapanda lori. Mkono mmoja wa kumshika mbwa, mwingine wa kushika bomba la lori. Hakuwa na wa tatu.

Njia nzima hakusema neno. Mimi nikadhani tumeelewana.

Kwa bahati, au kwa adhabu, kiwanja chake kikawa mkabala na nyumba ya katibu. Kila asubuhi nikimwona namwambia "Shikamoo Bibi," naye "Marahaba," halafu basi. Wengine aliwasalimu kwa lugha yao, "Mwangaluka," wanasimama nusu saa wanacheka. Mimi nilipata marahaba yangu ya kiserikali.

Yule mtoto wa mbwa aliishi ndani ya kanga. Bibi akitwanga, mbwa yumo. Akikamua mbuzi, kichwa kimechungulia. Na niwaambie kitu ambacho wakati ule sikukizingatia: hakutetemeka hata siku moja.

Wiki moja baadaye zikaja habari kwamba binti yake, aliyeolewa huko Kipalapala, anakaribia kujifungua. Bibi akapata nafasi kwenye lori la pamba. Dereva akasema mbuzi hapana, mbwa hapana, bibi mmoja tu.

Akaja mlangoni kwangu.

"Katibu, nishikie huyu. Nitarudi Jumapili ya wiki ijayo."

"Mimi Bibi? Si umpe mmoja wa majirani zako?"

"Jirani yangu ni wewe. Na aliyenifanya niwe jirani yako ni wewe."

Nikafungua daftari kutafuta kifungu.

"Maziwa ya mbuzi," akasema, "kidogo kidogo, mara nyingi. Na alale na wewe, kifuani. Bado hajui kujipasha joto. Nimebaki na huyu tu, Katibu. Nikirudi nimkute."

Nikasema ndiyo Bibi. Wakuu, mnaijua ile "ndiyo" ya mtu ambaye tayari amekwishaamua kufanya anavyojua yeye. Ndiyo hiyo.

Kifuani? Mimi? Mtoto wa mjini, kanzu yangu ya Ijumaa ipo pale imekunjwa, nilale na mbwa?

Nikamtandikia gunia nje, barazani. Maziwa nikampa asubuhi na jioni, kwa ratiba, maana utaratibu ndiyo msingi wa maendeleo.

Halafu ikaja akili. Nikawaza: kama chombo alicholamba mbwa kinaoshwa mara saba, je mbwa mwenyewe ambaye ndiye chanzo cha tatizo?

Msicheke kwanza. Nilijiona mwanachuoni.

Kila alfajiri, kabla sijatawadha, nilichota maji ya kisima kwenye karai, nikavaa mfuko wa plastiki mkononi, nikamwosha yule mtoto wa mbwa mara saba. Mara ya kwanza kwa udongo. Nilihesabu kwa sauti ili nisikosee. Kisha nikamrudisha kwenye gunia lake, msafi kuliko wajumbe wote wa kijiji kile.

Ilikuwa Julai. Mliokulia Tabora mnaijua Julai, ule upepo wa alfajiri unaomkuta hata mzee wa kazi kajikunyata anaota moto kwa majani ya mahindi.

Siku ya pili akaanza kutetemeka.

Nikafanya utafiti, yaani nikamtazama. Anatetemeka miguu, anatetemeka kidevu, hata sikio. Nikahitimisha kuwa bado ana uchafu uliobaki ndani ya manyoya. Nikaongeza raundi ya jioni.

Siku ya nne hakutaka tena kuliona karai. Nikilileta tu, anapiga kelele, anajivuta kwa tumbo mpaka ukutani, macho yamemtoka. Na anatetemeka mpaka gunia linatetemeka naye.

Hapo ndipo nikaingiwa na hofu. Siyo ya mbwa. Hofu ya Bibi.

Mtu mwingine angekwenda kumwuliza mama yeyote anayefuga mbwa pale kijijini, na walikuwa tele. Mimi nilikuwa katibu. Nikaitisha kikao.

Ajenda zilikuwa tatu. Mbegu za pamba. Uchimbaji wa vyoo. Kutetemeka kwa mtoto wa mbwa.

Mbegu za pamba tulizimaliza kwa dakika kumi. Vyoo tukaviahirisha. Mbwa tulimjadili mpaka jua likasogea.

Mwenyekiti wetu, Mzee Masanja, alisema ni woga tu. Kiumbe yeyote anayetetemeka hajaelimishwa vya kutosha. Akapendekeza aelimishwe.

Mjumbe mmoja wa upande wa mashariki akasema mbwa huona tusivyoviona, na pale penye baraza la katibu zamani palikuwa na kaburi. Nilikohoa. Kiwanja kile nilikichagua mwenyewe.

Mwingine akaleta hoja ya pilipili. Ndiyo maana yule wa jana namtafuta, nataka kujua kama ni mjukuu wake.

Kisha akasimama kamanda wa mgambo, Maganga, mtu wa maneno machache na rungu moja.

"Katibu, anakula?"

"Anakula kidogo sana."

"Anatokwa macho?"

"Anatokwa."

"Maji je?"

Nikajibu kweli tupu, kama nilivyowaahidi ninyi. "Maji anayaogopa sana. Akiyaona tu anapiga kelele."

Wajumbe wakatazamana. Wote walikuwa watu wa mifugo, wote walijua mbwa anayeogopa maji ana nini. Kichaa kipo, wakuu, na kinaua. Watu wale walishazika jamaa zao kwa sababu yake, siwezi kuwacheka kwa hilo.

Nilichosahau kuwaambia ni jambo dogo la karai na mara saba. Hakuna aliyeniuliza. Na mimi, naapa, sikuona kama vinahusiana.

Nikaandika muhtasari kwa mwandiko wangu mzuri wa kulala: imeazimiwa mbwa huyo auawe kwa usalama wa kijiji. Mwenyekiti akauliza lini.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo. Mimi ndiye niliyesema Jumamosi. Nilisema Jumamosi kwa sababu Bibi alisema atarudi Jumapili. Nilitaka akifika, akute karatasi yenye muhuri. Karatasi haiwezi kutazamwa machoni.

Jumamosi asubuhi nikamwosha. Mara saba. Nilijiambia ni heshima ya mwisho. Maganga akaja na rungu lake, akasimama barazani anamalizia sigara yake. Mtoto wa mbwa yupo kwenye gunia, anatiririka maji, anatetemeka.

Na Bibi Nyamizi akatokea njiani na furushi kichwani. Mjukuu kazaliwa salama, kapata lori siku moja mapema.

Alitazama rungu. Akanitazama mimi. Akamtazama mbwa. Akashusha furushi.

"Mbona ameloa?"

Wakuu, nimehojiwa na watu wengi maishani. Nimehojiwa na mkaguzi wa hesabu, nimehojiwa na mama mkwe. Sijawahi kupata swali zito kama lile.

"Namwosha, Bibi."

"Mara ngapi?"

"Saba."

"Saba tangu niondoke?"

"Saba asubuhi," nikasema. "Na saba jioni."

Maganga akaitoa sigara mdomoni. Alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau, akasema taratibu, "Katibu, ndiyo maana anaogopa maji."

"Hata mimi ningeyaogopa," akasema Bibi.

Akamwokota. Akamfuta kwa ncha ya kanga, kwa nguvu, kama mtu anayefuta meza, kisha akamtia kifuani akajifunga. Akakaa pale pale barazani kwangu bila kukaribishwa. Akaomba maziwa. Nikaenda kuyaleta mbio, nikamwaga nusu njiani. Akachovya kidole, akamnyonyesha tone moja moja.

Maganga alikuwa keshaficha rungu nyuma ya mgongo.

Kutetemeka kukapungua. Hakukuisha, ila kukapungua, tunaona kwa macho.

"Hana kichaa," Bibi akasema. "Ana baridi. Ana njaa. Na hana mama."

Maneno tisa, ukiyahesabu. Muhtasari wangu ulikuwa kurasa mbili.

Nikasema samahani. Akakaza fundo la kanga, kisha akasema, "Ulisema hayumo kwenye orodha. Nilikuomba unisubiri kidogo tu. Kidogo tu, mwanangu."

Ndiyo mara ya kwanza kuniita mwanangu. Ningependelea anitukane.

Kesho yake nikachukua baiskeli ya kijiji kwenda mahameni, alikokuwa anaishi Bibi zamani, kumtafuta yule jike. Nilikuwa nimeshapanda tandikoni, Bibi aliponisimamisha.

"Mama yake hatakufuata kwa maneno yako. Nenda na mtoto."

"Nimbebe wapi, Bibi?"

Alinitazama kifuani tu.

Nikafungua vifungo vya shati. Nikamtia ndani, ngozi kwa ngozi, mimi mtoto wa fundi cherehani wa Tabora mjini. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimemshika mara zote zile kwa mfuko wa plastiki, sikujua kwamba moyo wake unapiga vile. Alikuwa anatetemeka kama hizi simu zenu mkizizima sauti.

Maili nane za mchanga. Baada ya kama maili tatu kutetemeka kukakoma ghafla.

Nilisimamisha baiskeli, nikaiachia ikaanguka. Nilijua amekufa. Nikafungua shati mikono inanitetemeka, sasa zamu yangu.

Alikuwa amelala. Amelala usingizi mzito, mdomo wazi, kanitemea udenda tumboni.

Nililia, wakuu. Katikati ya pori, mchana kweupe, katibu wa kijiji mwenye kalamu mbili. Andikeni mnavyotaka.

Kwa Bibi nilikuta kuta tu, paa tulishalibomoa sisi wenyewe. Yule jike alikuwa amelala kizingitini, mbavu nje, analinda nyumba isiyo na mlango. Akanguruma. Nikapiga magoti, nikafungua shati. Mtoto akaamka, akalia sauti moja nyembamba.

Jike akaja. Akamnusa, akamlamba kote. Kisha akanilamba na mimi mkono, wote, mpaka kwenye kiwiko.

Sikuhesabu.

Chini ya kihenge nilichungulia kuona wale wawili wengine. Hapakuwa na kitu. Sikumwuliza Bibi, na Bibi hakuniuliza, mpaka Mungu alipomchukua.

Jike alinifuata nyuma ya baiskeli maili zote nane. Maziwa yalikuwa yamekauka, lakini alijikunja pembeni ya mtoto wake kwenye nyumba ya Bibi, na kutoka siku hiyo kutetemeka hatukukuona tena. Yule mtoto alikuja kuwa dume kubwa, tishio la nguruwe pori wote waliokuja kwenye mihogo. Kitu kimoja tu: mvua ikinyesha, au akiniona mimi na ndoo, anaondoka na heshima zake.

Mwezi uliofuata nilikwenda mjini, nikamweleza mwalimu wangu wa zamani wa madrasa. Alicheka mpaka kilemba kikamlegea. "Mwanangu," akasema, "kinachooshwa ni sahani. Mbwa alikukosea nini?" Akaniambia ningejua hayo kama nisingekuwa stesheni siku alipoyafundisha. Kumbe alikuwa anajua nilikokuwa nakwenda.

Niliporudi nikafungua daftari la wakazi. Kaya ya Bibi Nyamizi ilisomeka: mtu mmoja, mbuzi wawili, kuku sita. Nikaongeza kwa mkono wangu: mbwa wawili. Mkaguzi wa wilaya alipokuja akauliza tangu lini tunaandika mbwa. Nikamwambia hawa walisahaulika wakati wa kuhama, na aliyewasahau yupo mbele yako. Alidhani natania, akapiga muhuri.

Sasa wewe kijana wa jana, pokea ninachokijua, hakijatoka kozini.

Mtoto wa mbwa aliyetoka kwa mama yake juzi atatetemeka. Alikuwa analala kwenye rundo la ndugu zake, sasa yuko peke yake kwenye vigae vyako. Mkaushe, mpashe joto, mpe chakula kidogo kidogo mara nyingi, na uache kumwogesha eti umpige picha. Ukiona bado anatetemeka na amelegea, anatapika, anaharisha, au anakakamaa, hapo mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, usije humu kutuuliza sisi. Na umchanje kichaa umri ukifika. Pilipili weka kwenye kachumbari.

Uzi uko wazi, tiririkeni. Waliowahi kuwa wataalamu kama mimi nao waseme, tusimwachie aibu mtu mmoja. Mwenye kubisha abishe, ila abishe akiwa amewahi kumshika mtoto wa mbwa.

Na wewe mwenye mbwa, kabla hujaleta uzi mwingine, mtazame vizuri. Kama ameloa, tuambie kwanza nani anamwosha.